Sura ya Tano: Mlinzi wa Getini na Waliolala Ndani

Chini kabisa ya sanduku langu la nguo kuna mfuko wa nailoni, na ndani yake kadi tatu. Moja ni kadi ya kliniki ya mwanangu wa mwisho, pembe zimelika na doa la mafuta limefunika uzito wake wa mwezi wa tano. Ya pili ni kadi yangu ya wajawazito, ina mistari mitano ya chanjo ya pepopunda, yote imejazwa. Ya tatu ni ile ndogo ya njano ya kusafiria, na mhuri wake ni mmoja tu: homa ya manjano.

Nilizitoa juzi kwa ajili ya binti wa dada yangu. Ana mimba ya kwanza, ya miezi mitano, na siku hiyo alikuwa anatoka kliniki huku bega likimuuma. Aliniamkia, akavua viatu, akakaa, na chai ilikuwa haijamiminwa alipoanza.

"Mama mdogo, leo nimechomwa pepopunda. Wameniambia nirudi baada ya wiki nne, na hata hapo sijamaliza. Wewe homa ya manjano ulichomwa mara moja, ukaambiwa basi, mpaka mwisho wa maisha. Kwani hii yetu haina nguvu?"

Nilimjibu kwamba ina nguvu sana, na imeokoa vichanga wengi mno. Lakini swali lake lilistahili zaidi ya hapo. Wengi wetu tunaichukulia chanjo kama vocha ya simu: ukiweka kubwa inakaa muda mrefu, ukiweka ndogo inakwisha haraka. Mwili hauendi hivyo. Muda wa kinga unatokana na mambo mawili yanayokutana: kumbukumbu ambayo chanjo imeiacha mwilini, na mwendo wa ugonjwa wenyewe siku unapobisha hodi.

Wazee wa 1781

Visiwa vya Faroe viko kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, kati ya Scotland na Iceland. Mwishoni mwa Machi 1846 fundi seremala kutoka Copenhagen alishuka huko, na siku chache baadaye akaugua surua. Visiwa vyote vilikuwa na watu 7,782. Katika muda wa miezi sita hivi, kama 6,000 kati yao walikuwa wameugua, wakubwa kwa wadogo.

Serikali ya Denmark ilimtuma huko daktari wa miaka 25, Peter Ludvig Panum. Alizunguka kijiji baada ya kijiji akiuliza nani ameugua, tarehe gani, na alikuwa na nani wiki mbili kabla. Katika kuuliza huko akakutana na jambo ambalo hadi leo halijapoteza uzito wake. Surua ilikuwa imewahi kufika Faroe mwaka 1781, kisha ikatoweka kwa miaka 65. Panum aliwapata wazee 98 walioiugua mwaka huo wakiwa wadogo. Hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Lakini wazee wenzao ambao mwaka 1781 iliwapitia mbali walilala kitandani kama wajukuu zao.

Kwa miaka 65 hapakuwa na kirusi cha surua visiwani cha kuwakumbusha wazee wale chochote. Mwili ulikuwa umekutana na adui mara moja, utotoni, ukamtambua tena uzeeni. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Walisema hivyo kuhusu watu, lakini damu nayo ina makovu ya namna hiyo.

Basi kinga ya maisha inawezekana. La kuuliza ni kwa nini haitokei kwa kila ugonjwa.

Kiwanda kilicho kwenye uboho

Turudi kwenye bega la binti yetu. Dawa iliyoingia kwenye msuli ule ina kipande cha adui, au adui aliyedhoofishwa. Seli za ulinzi hukibeba kipande hicho hadi kwenye tezi za karibu, zile za kwapani. Humo seli ziitwazo seli B hushindana: kila moja ina mkono wa umbo lake, na zile ambazo mkono wake unamshika adui vizuri ndizo zinazoruhusiwa kuzaliana. Zikizaliana hubadilika kidogo kidogo, hupimwa tena, na zinazoshika vizuri zaidi husonga mbele. Kazi hiyo huenda kwa wiki kadhaa, na seli nyingine, seli T, huisimamia.

Mwisho wa mchujo huo mwili hubaki na urithi wa aina mbili. Wa kwanza ni seli plasma, ambazo ni viwanda vya kingamwili. Nyingi hufa mapema, lakini chache huhamia kwenye uboho, ndani ya mifupa, zikapata makao, na huko zinaweza kuishi miaka mingi zikimwaga kingamwili kwenye damu usiku na mchana. Wa pili ni seli za kumbukumbu. Hizi hazizalishi chochote. Zinalala, zikimngoja adui yuleyule.

Fikiria nyumba yenye geti. Kingamwili zinazozunguka kwenye damu ni mlinzi aliye macho, amekaa pale na tochi yake. Seli za kumbukumbu ni vijana waliolala ndani. Wana nguvu kuliko mlinzi, lakini lazima kwanza waamshwe, wavae, watoke. Kwa seli hizo, kuvaa na kutoka huchukua siku nne mpaka saba hivi.

Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha amekwishaona tofauti ya kiwanda na bidhaa, hata kama hakuambiwa. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake zilizopita kwenye kondo la nyuma. Amepewa walinzi, lakini hakupewa kiwanda. Kingamwili za aina hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi, kwa hiyo katika miezi michache mkopo wote umekwisha. Ndiyo sababu kwenye kadi zetu chanjo ya surua inasubiri miezi tisa: ikitolewa mapema mno, kingamwili za mama zinaweza kukizima kirusi cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote.

Na ndiyo sababu kingamwili zinazokutwa kwenye damu miaka 30 baada ya chanjo ni jambo la kustaajabisha. Hazikukaa miaka 30. Zinazotengenezwa leo zimetoka kwenye kiwanda kilichojengwa zamani na ambacho hakijafungwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha vipimo vya watu 45 ambao damu yao ilikuwa imehifadhiwa mara kwa mara, wengine kwa miaka hadi 26. Walitaka kujua kingamwili za kila ugonjwa huchukua muda gani kupungua kwa nusu. Kwa pepopunda walikadiria miaka 11, kwa dondakoo miaka 19, kwa tetekuwanga miaka 50. Kwa surua na matumbwitumbwi ilizidi miaka 200, yaani maisha ya mtu hayatoshi kuona nusu yake ikiondoka. Watu ni walewale, damu ni ileile, lakini kila ugonjwa una saa yake.

Somo lilivyofundishwa

Sababu ya kwanza ya tofauti hiyo ni namna mwili ulivyofundishwa.

Chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai. Asili yake ni damu ya mwanamume wa Ghana aliyeitwa Asibi, iliyochukuliwa mwaka 1927. Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi New York, alikikuza kirusi hicho kizazi baada ya kizazi katika maabara hadi kikapoteza ukali wake. Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Kirusi kilichodhoofishwa hivyo huzaliana kidogo mwilini kwa siku chache, na mwili hukichukulia kama uvamizi wa kweli. Askari wa Marekani waliochanjwa wakati wa Vita Kuu ya Pili walipimwa zaidi ya miaka 30 baadaye, na wengi wao bado walikuwa na kingamwili.

Kadi yangu ya njano ilisema mwanzoni kwamba cheti ni halali kwa miaka kumi. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kanuni za afya za kimataifa zinakitambua kwa maisha yote, hata kile kilichotolewa zamani. Dawa iliyokuwa mwilini mwangu haikubadilika siku hiyo. Kilichoongezeka ni ujuzi wetu juu yake.

Pepopunda ni habari nyingine kabisa. Kinachoua ni sumu inayotolewa na bakteria, na sumu hiyo ni kali kiasi kwamba kiwango kinachotosha kuua ni kidogo mno kuushtua mwili ujenge kinga. Aliyepona pepopunda anaweza kuugua tena, kwa hiyo naye lazima achanjwe. Chanjo yake ni sumu iliyofanywa isidhuru: kitu kimoja, kilichokufa, kisichozaliana. Mwili hukiona, hujifunza kidogo, halafu huendelea na mambo yake. Ukiuonyesha tena, seli zilizochujwa mara ya kwanza hurudi kwenye tezi, huchujwa upya, na viwanda vipya huongezeka kwenye uboho. Kila mstari kwenye kadi ya mjamzito unajenga juu ya ule uliotangulia.

Wapo bakteria waliojificha ndani ya koti la sukari, kama wale wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sukari tupu haiwaiti wasimamizi, zile seli T, na bila wasimamizi hakuna mchujo wala kumbukumbu ya maana. Watoto chini ya miaka miwili karibu hawaitikii kabisa. Wanasayansi walilitatua hilo kwa kuigandisha sukari kwenye kipande cha protini ambacho seli T hukitambua. Chanjo ya nimonia wanayopewa watoto wetu leo imetengenezwa hivyo.

Umbo nalo lina kauli. Chanjo ya kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi, ni ganda tupu la kirusi, halina kitu ndani. Lakini ganda hilo lina vifundo 72 vilivyopangwa kwa ulinganifu kama punje za muhindi, na seli B ikiligusa hushikwa sehemu nyingi kwa pamoja. Mpangilio wa namna hiyo mwili huuchukulia kwa uzito mkubwa. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa wapewe dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili. Kiwango chao kilikuwa chini kuliko cha wenzao, lakini kilikuwa kimetulia. Ushahidi wa namna hiyo, pamoja na ule wa wasichana wa Kenya, uliliwezesha Shirika la Afya Duniani kukubali mwaka 2022 kwamba dozi moja inaweza kutosha. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Mabinti wa Mwanza walitoa mikono yao na damu yao ili binti mwingine, ambaye hawatamjua kamwe, achomwe mara moja tu.

Mwizi wa usiku kucha na kibaka

Sababu ya pili ni mwendo wa adui.

Kuna mwizi anayetoboa ukuta usiku kucha, na kuna kibaka anayenyakua simu dirishani akakimbia. Kwa yule wa kwanza, hata mlinzi akisinzia, vijana waliolala ndani watapata muda wa kuamka. Kwa wa pili, mlinzi asipokuwa macho, simu imekwenda.

Homa ya ini aina ya B ni mwizi wa ukuta. Tangu kirusi kiingie hadi ugonjwa ujitokeze hupita kati ya mwezi mmoja na miezi sita. Huko Alaska watu waliochanjwa mwaka 1981 wamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30. Walipopimwa baada ya miaka hiyo, karibu nusu walikuwa na kingamwili chini ya kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga. Ungesema chanjo imekwisha. Lakini walipopewa dozi moja ya kuwajaribu, wengi wao waliitikia kwa haraka: vijana walikuwa bado ndani. Kwa ugonjwa unaokwenda taratibu kiasi hicho, hilo linatosha.

Uingereza ilijifunza upande wa pili kwa uchungu. Mwaka 1999 ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya uti wa mgongo aina ya C, dozi tatu kabla ya miezi mitano. Kinga ilikuwa nzuri, kisha ndani ya mwaka ikaporomoka. Seli za kumbukumbu zilikuwepo, lakini bakteria huyu huweza kutoka kooni hadi kwenye damu na kuua kabla hazijawa tayari. Mwaka 2006 wakaongeza dozi ya miezi 12, ili mlinzi mwenyewe awe getini.

Malaria ni kibaka wa mbio kuliko wote. Vimelea vinavyoingizwa na mbu vinaweza kufika kwenye ini ndani ya nusu saa, na vikishaingia humo, kingamwili zilizofundishwa na chanjo ya malaria iitwayo RTS,S hazivifikii tena. Nusu saa hiyo haiwezi kumsubiri aliyelala. Inataka kingamwili nyingi sana, ziwe tayari zinazunguka kwenye damu wakati mbu anauma, na wingi wa namna hiyo hupungua upesi. Hapo utaelewa kwa nini mama wa Homa Bay, ambako Kenya ilianzisha chanjo hii Septemba 2019, alipewa tarehe nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Na utaelewa kwa nini bado anaambiwa amlaze mtoto ndani ya chandarua. Kinga isiyo kamili dhidi ya ugonjwa unaoua watoto wengi ni zawadi kubwa, mradi tusiiache peke yake.

Sura na mlango

Yamebaki mawili. La kwanza ni sura ya adui. Kirusi cha mafua makali hubadilisha sura yake kila mara, kiasi kwamba aina za kuweka kwenye chanjo huchaguliwa upya mara mbili kwa mwaka, kwa ajili ya nusu ya kaskazini na ya kusini ya dunia. Kumbukumbu ya mwaka juzi inaweza kuwa hai kabisa, ila inamtafuta mtu ambaye hajavaa tena nguo zilezile. Surua haiwezi ujanja huo: sehemu inazozitumia kuingilia kwenye seli ni zilezile ambazo kingamwili huzishika, na ikizibadilisha sana inashindwa kuingia. Chanjo nyingi za surua zinazotumika leo ni uzao wa kirusi kilichochukuliwa mwaka 1954 kwa mwanafunzi wa shule moja karibu na Boston aliyeitwa David Edmonston, na bado zinaizuia surua ya leo.

La pili ni mlango. Surua, ingawa huingia kwa pumzi, lazima isambae kwenye damu ndipo iumize, na safari hiyo huchukua siku kama kumi. Kwenye damu ndiko kingamwili zilikojaa. Kifaduro hubaki kwenye njia ya hewa, na kipindupindu hubaki kwenye utumbo. Kwenye kuta hizo nyevunyevu ulinzi ni mwembamba zaidi na huchakaa mapema. Chanjo ya matone ya kipindupindu, dozi mbili, inahesabiwa kulinda kwa miaka mitatu hivi.

Kifaduro kina somo lake pia. Nchi tajiri ziliacha chanjo ya bakteria mzima aliyeuawa, kwa kuwa iliwaletea watoto homa na maumivu, zikachukua iliyotengenezwa kwa vipande vichache vilivyosafishwa. Mtoto halii sana, lakini kinga yake huondoka mapema zaidi. Mwaka 2010 jimbo la California lilipata wagonjwa zaidi ya 9,000, na watoto wachanga kumi walikufa. Chanjo ya pamoja wanayopewa watoto wetu wakiwa na wiki 6, 10 na 14 bado ina bakteria mzima. Usiku ule wa homa baada ya kliniki, unapokesha ukimpepea mtoto, kumbuka kwamba mwili wake uko darasani.

Mstari wa tatu

Chai ilikuwa imepoa tulipofika kwenye kadi yake. Nilimwonyesha mambo mawili.

La kwanza ni kwamba dozi ya kurudia haina maana moja kwa kila chanjo. Dozi ya pili ya surua, ya miezi 18, haiji kwa sababu ya kwanza imekwisha nguvu. Kati ya watoto 100 waliochanjwa wakiwa na miezi tisa, kama 15 hawakushika somo, na kwa macho hatuwezi kuwajua. Tunawarudisha wote ili kuwapata hao. Dozi ya pili ya pepopunda ni ujenzi: ya kwanza peke yake karibu haimlindi, ya pili inampa mwaka mmoja hadi mitatu, ya tatu angalau miaka mitano, ya nne angalau kumi, na ya tano inamfikisha mwisho wa umri wake wa kuzaa.

La pili lilinigusa zaidi. Nilimuuliza kadi yake ya utotoni iko wapi, kwa sababu dozi za utotoni nazo huhesabiwa. Akasema ilipotea walipohama. Seli zake za kumbukumbu huenda zipo, zimelala humo ndani zaidi ya miaka ishirini, lakini hakuna karatasi ya kuzisemea, na muuguzi hawezi kubahatisha maisha ya kichanga. Akaanziwa mstari wa kwanza.

Nikamwekea kidole kwenye mstari wa tatu. Unafunguka miezi sita baada ya ule wa pili, wakati mtoto atakuwa amekwishazaliwa, na hapo ndipo kina mama wengi huishia, kwa kuona kwamba ujauzito umekwisha na kadi nayo imekwisha. "Huu nao ni wako," nilimwambia. "Usiusubiri ujauzito mwingine."

Aliihesabu tarehe kwa vidole, akaiandika kwa kalamu pembeni mwa mstari. Kisha akauliza kama ninao mfuko mwingine wa nailoni.